Simu ya Tisa

Mvua ilikuwa imewaswaga watu wa Taipei ndani ya soko la elektroniki, na msongamano ukamsukuma Yun-ju hadi kwenye kaunta ya Po-yen, mwavuli ukichuruzika, gauni lake la bluu limemkaa kama alizaliwa nalo. Po-yen alimtazama mara moja tu akasahau alichokuwa akimwambia mteja mwingine.

"Nataka swichi ya mtandao," alisema Yun-ju. "Ile inayopeleka umeme kwenye simu za ofisini kwa waya huohuo wa intaneti. Na iwe bei poa, bosi wangu ana mkono wa birika."

"Bosi gani hana, mrembo? Simu ngapi?"

"Nane." Akasita. "Tisa."

"Nane au tisa? Maana hii ya bei poa inalisha nane tu. Ukitaka ya tisa uchukue ile kubwa, na bei yake utakimbia. Hiyo ya tisa anatumia nani?"

"Haina mtu."

"Sasa si uiache ife!"

Alisema kwa utani wa kibiashara tu. Yun-ju akageuza uso, na Po-yen akajua ametonesha kidonda. Kujiokoa, akaahidi kwenda ofisini mwenyewe kukagua, bure.

Ofisi iliuza chai nje ya nchi. Karibu na dirisha palikuwa na meza ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia. Ilikuwa ya Chi-hung, fundi wa mitambo wa ofisi na mume wa Yun-ju, aliyefariki kwa ajali ya pikipiki mwaka juzi. Simu yake ilikuwa bado inawaka. Na kila alasiri, wenzake wote wakiwa wanaongea na wateja, ililia mara moja. Ukiinua, kimya. Mama Lin wa uhasibu alikuwa akifumbata viganja na kuinamisha kichwa. Yun-ju alitabasamu kwa siri. Ananijulia hali, alijiambia, na maneno hayo ndiyo yaliyomfikisha jioni.

Po-yen alifika katika mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi ambao roho zenye njaa huzurura na kila ofisi huziandalia chakula kando ya barabara. Alikuwa ameinamia swichi ya zamani simu ilipolia. Watu wote wakaganda.

"Ah, ni njaa tu hiyo," alisema. "Swichi imezeeka, umeme hautoshi. Mkiongea wote kwa pamoja, simu ya mwisho inazimika. Ikiwaka tena, inalia."

"Pale alikuwa anakaa mume wangu," alisema Yun-ju.

Po-yen alikosa pa kuficha uso. Jioni akapiga simu kuomba radhi. Kesho yake akapiga tena, safari hii bila sababu yoyote.

"Umekula?"

"Si umeniuliza mchana?"

"Tumbo halina kumbukumbu, mpenzi."

Yun-ju akacheka, na kicheko chenyewe kikamshtua, maana alikuwa amekisahau. Wakala tambi za supu ya ng'ombe, wakashikana mikono chini ya mwavuli mmoja. Lakini alasiri simu ya tisa ikilia, moyo wake uliruka kwenda kule, na hapo alijiona msaliti wa wanaume wawili.

Bosi alichagua ile ya simu nane, kama ilivyotarajiwa. Po-yen akaifunga wakati Yun-ju yuko chini akiwasha udi mbele ya meza ya roho. Juu ya swichi ya zamani kulikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunwa, ile ambayo kila fundi wa mji huo huiweka juu ya mtambo, kwa kuwa jina lake linauambia utulie uwe mtoto mwema. Ilikuwa imepitwa na tarehe, na iliyopitwa huleta nuksi. Akaitupa, akaweka mpya. Ile ya zamani hakuigeuza kuona nyuma yake.

"Pakiti iko wapi?" aliuliza Yun-ju aliporudi.

"Ile mbovu? Imeshuka na takataka."

Chini, gari la taka lilikuwa likipiga muziki wake wa kinanda. Yun-ju alishuka ngazi mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani. Gari likakata kona. Nyuma ya pakiti ile Chi-hung alikuwa ameutania mtambo kwa kalamu nzito, asubuhi aliyotoka asirudi: *Tulia, nakuja sasa hivi.*

"Umemtupa mume wangu na takataka!" alimfokea Po-yen aliyemfuata, mbele ya watu na mabakuli ya wali wa roho.

"Mpenzi, sikujua..."

"Usiniite mpenzi!"

Hakupokea tena simu za Po-yen. Simu ya tisa ilikaa pale nyeusi, na alasiri, saa yake ilipofika, Yun-ju aliinua kichwa akasikiliza kimya kile hadi masikio yakamuuma. Alikuwa mjane mara ya pili.

Siku ya kuziaga roho Po-yen alikuja, nywele zimelowa. Akaweka kitu kidogo mezani.

"Nini hiki?"

"Adapta. Simu ile itakula umeme wa ukutani, swichi itaipa intaneti tu. Uichomeke, usiichomeke, si langu kuamua."

Akaondoka hata chai hakunywa.

Yun-ju akaichomeka. Simu ikawaka, ikalia mara moja kama zamani, na machozi yakamtoka. Akakaa kwenye kiti cha Chi-hung kusubiri alasiri. Wenzake wakaanza kuongea na wateja, wote kwa pamoja. Akasubiri. Wakamaliza, wakaweka simu chini. Ya tisa haikulia.

Mama Lin akamgusa bega. "Ameshiba, mwanangu. Mwache aende."

Yun-ju alilia kwa sauti, bila kumwonea mtu aibu. Kisha akajifuta uso, akainua mkono wa simu ya mumewe na kubonyeza namba aliyoijua kwa moyo.

"Haloo, dukani hapa. Nani mwenzangu?"

"Umekula?"

Upande wa pili kiti kikasikika kikivutwa.

"Bado," alisema Po-yen. "Unapiga kutoka wapi? Namba hii siijui."

"Ya tisa," alisema Yun-ju. "Ina mtu sasa."