Moto Alioutangaza Clint Peke Yake

"Narelle! Mbwa kashatoka, zamu yako!" Bi Glenys, mwongozaji wa mchezo, alinong'ona kutoka nyuma ya pazia. "Imba, mama, imba!"

Narelle alimsikia vizuri. Macho yake ndiyo yaliyokuwa yameganda kwenye safu ya tatu, kiti cha pembeni, ambako mume wake alikuwa anainuka.

Ulikuwa usiku wa kwanza wa "Krismasi Bandani", mchezo wa nyimbo ambao watu wa Warrabeen walikuwa wameutunga wenyewe. Ukumbi wa mji ulijaa hadi mlangoni. Watu walijipepea kwa karatasi za ratiba, maana joto la Desemba lilikuwa halina adabu na upepo wa kaskazini ulikuwa umevuma tangu asubuhi. Narelle, dereva wa basi la shule, miaka arobaini na minne, alikuwa mpishi wa wanyoa kondoo. Alivaa aproni na kupakwa unga puani. Maishani mwake hakuwahi kuimba peke yake mbele ya watu. Wiki kumi alikuwa ameufanyia mazoezi wimbo huu wa dakika nne akiosha vyombo, na Clint alikuwa akimpigia mdundo kwa kijiko mezani.

Sasa Clint alijishika kiunoni, pale inapokaa peja, kile kidude kinacholia kuwaita watu wa kujitolea wa zimamoto. Akamwinulia mkono, maana yake: moto, mpenzi, samahani. Akainama, akatoka.

Mke wa mtu wa zimamoto haulizi. Lakini peja za Warrabeen hulia kwa pamoja, kama majogoo ya mtaa mmoja, na pale safu ya nne walikuwa wameketi Kapteni wa zimamoto, Merv Tunnicliffe, na wenzake sita, kila mmoja na peja yake kiunoni. Hakuna aliyetikisika. Merv alikuwa anamenya pipi.

Narelle akamtazama Merv. Merv akautazama mgongo wa Clint ukiishia mlangoni, akamtazama Narelle, kisha akatazama viatu vyake.

Mpiga piano alirudia mwanzo wa wimbo. Akarudia tena.

Ndipo Merv aliposimama. Alijigusa kiunoni kama mtu aliyekumbuka jambo, akawapungia wenzake. Wakasimama wote sita, wakatoka mmoja mmoja wakiomba radhi kwa magoti ya watu.

"Kuna moto?" mtu aliuliza gizani.

"Na upepo huu! Mungu atusaidie."

Wangebaki wamekaa, Narelle angeweza kujidanganya. Angesema peja zao zimeisha betri, angesema lolote. Lakini walisimama kumfunikia aibu yake, na hapo akajua kuwa wanajua. Angekwenda wapi? Jukwaani alikuwa peke yake, na watu mia mbili walikuwa wanamngoja. Akafungua mdomo, akaimba habari za mume anayerudi nyumbani kabla ya Krismasi. Watu walilia. Walidhani anaigiza.

Pazia la mapumziko liliposhuka, alitokea mlango wa nyuma na aproni yake. Jua la Desemba, ambalo huko huchelewa, lilikuwa bado halijazama. Kando ya mapipa ya taka aliwakuta wote saba, wamevaa nguo zao za kutokea, kila mtu na aiskrimu mkononi, hawana pa kwenda.

"Moto uko wapi, Kapteni?"

Merv, mtu mzima wa miaka sitini na saba, aliificha aiskrimu nyuma ya mgongo.

"Ulikuwa... umeshazimwa."

"Upesi hivyo?"

"Ulikuwa mdogo, binti yangu."

"Donna," Narelle alimgeukia mwanamke pekee kati yao, "wewe ndiye dereva wa gari la maji. Gari liko wapi?"

Donna alianza kulia.

Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni. Narelle aliutazama ujumbe, halafu akawasomea kwa sauti, neno kwa neno:

"Moto mkubwa upande wa mtoni. Niko na Kapteni na wote. Usiogope mpenzi, nitawahi mwisho. Najua umeimba vizuri."

Aiskrimu ya mtu ilidondoka.

"Anasema yuko na wewe, Kapteni. Haya, msalimie."

"Narelle..."

"Msalimie, si yuko hapo ubavuni kwako?"

Merv alivua kofia. "Clint alirudisha sare mwezi wa tatu. Alisema mgongo unamsumbua. Peja hakuirudisha, nami sikumdai. Nilidhani unajua ameacha."

"Mwezi wa tatu." Alitaka kuhesabu mara ngapi tangu hapo alikuwa amemfungashia mkate na chai ya chupa, akashindwa. "Mbona hunuka moshi? Nafua mwenyewe mashati yake! Moshi, Merv, si manukato!"

Donna akafuta machozi. "Shona ana pipa la kuchomea majani nyuma ya kituo chake cha petroli."

"Shona wa njia panda?"

Wote wakatazama chini. Hilo lilitosha kuwa jibu. Narelle alijishikilia kwenye pipa la taka. Shona! Ijumaa iliyopita tu alikuwa amemjazia mafuta basi la shule na kumtakia heri ya onyesho.

"Tumesimama ili watu wasikucheke," Merv alisema. "Kwa ajili yako, binti yangu."

"Leo ndiyo mmesimama. Tangu mwezi wa tatu mlikuwa mmekaa."

Merv aliizungusha kofia mkononi.

Kengele ikalia. Bi Glenys akachomoza kichwa mlangoni. Yeye alikuwa hajui lolote, masikini, uso unamng'aa kwa furaha.

"Mpishi wangu! Umewaliza mpaka wazee! Njoo upesi, kondoo wanakungoja mcheze!"

"Glenys, siwezi."

"Huwezi nini? Mchezo bila mpishi utaendaje? Twende!"

Ni kweli, ungeendaje? Watoto wa basi lake mwenyewe walikuwa wamevaa manyoya ya kondoo tangu saa kumi, wanatokwa jasho. Narelle akawatazama wale saba.

"Nimpigie?" Donna aliuliza. "Nimtukane kwa niaba yako?"

"Usimpigie. Rudini mkakae kwenye viti vyenu, nyuma ya kiti chake. Hivyo hivyo mlivyo."

Sehemu ya pili ilikuwa furaha tupu, kicheko juu ya kicheko, naye alicheza na kondoo. Karibu na mwisho mlango ulifunguliwa. Clint aliingia kwa kunyata, maua mkononi, masizi shavuni. Aliketi bila kugeuka nyuma. Bibi kizee aliyekaa jirani naye alimgusa mkono.

"Pole, baba. Moto umezimika?"

"Umezimika, mama. Tumepambana kweli."

Taa zote ziliwashwa na wachezaji wakapanga mstari kushikana mikono. Narelle alisimama kati ya mbwa na kondoo. Bi Glenys alishika kipaza sauti, akashukuru, akalia kidogo, kisha akainua mkono.

"Na usiku wa leo wapo waliouacha mchezo wetu wakakimbilia moto! Watu wetu wa zimamoto, simameni tuwaone!"

Makofi yalilipuka. Clint alisimama. Alipunga mkono, akatabasamu na yale masizi yake, mtu mzuri kuliko wote ukumbini. Kisha akageuka kuwatafuta wenzake.

Safu ya nne, watu saba walikuwa wameketi, mikono wamekunja. Mashati meupe, hakuna hata doa. Merv alimtazama usoni na hakusimama.

Makofi yalipungua, yakafa. Bibi kizee alimtazama Clint, akawatazama wale saba, akamtazama Clint tena.

"Baba," alisema, na ukumbi mzima ulisikia, "ulikuwa unapambana na nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Narelle hakujua kuwa mwisho wake huwa unachekesha watu. Wapo waliocheka. Yeye jukwaani aliendelea kushika mkono wa kondoo, maana pazia halikuwa limeshuka.

Clint alimfuata nyuma ya ukumbi, maua bado mkononi. Wale saba walikuja nyuma yake wakasimama mbali kidogo.

"Mpenzi, nisikilize. Sivyo unavyofikiri."

"Sifikiri kitu. Nieleze."

"Shona alikuwa... mambo yalianza tu. Nilitaka kuacha. Naapa, leo nilikwenda kumwambia tunaacha."

"Leo?"

"Leo, Narelle."

"Wimbo wangu ni dakika nne, Clint. Ulijua unaanza mbwa akitoka, umeusikia wiki kumi. Kwa nini hukungoja dakika nne?"

Clint aliinamisha kichwa.

"Nitakuambia mimi. Wakati mwingine wote ningeweza kushuka nikufuate. Pale tu ndipo nisingeweza. Uliuhesabia saa wimbo wangu, ukatorokea ndani yake."

"Nisamehe."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Unanifukuza?"

Narelle alimtazama. Shavu lile lenye masizi alikuwa amelibusu kwa miaka kumi na tisa, na hata sasa, Mungu amlaani, mkono wake ulikuwa unataka kulifuta. Alitafuta hasira, akakuta mapenzi yamekaa palepale, hayana hata aibu.

"Siwezi kukufukuza," alisema. "Nimejaribu tangu mapumziko, neno halitoki. Nakupenda, mjinga wewe, na ndilo linaloniua. Ukiniomba tena mara moja nitakubali, nami sitaki kukubali. Kwa hiyo usiniombe. Nitageuka ukutani, na wewe uondoke mwenyewe. Kama uliwahi kunipenda hata siku moja, nifanyie hilo."

"Narelle, mke wangu..."

"Nageuka."

Akageuka. Matofali yalikuwa bado ya moto kwa jua la mchana. Alisikia maua yakiwekwa chini. Alisikia hatua, zikasimama, naye akauma mdomo ili asimwite. Zikaendelea. Gari likawaka, likachukua njia ya magharibi, likaisha sauti.

"Ameondoka?" aliuliza, bado yuko ukutani.

"Ameondoka, binti yangu," Merv alisema.

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi nishikeni," alisema Narelle, akajiachia mikononi mwao.