Wakili Aliyetufungulia Mlango Tutoke

Mume wangu ni mwokaji katika kiwanda cha mikate. Huondoka alfajiri na kurudi jioni. Siku moja alirudi asubuhi, kofia ya kazi bado iko kichwani.

"Nimefukuzwa," alisema. "Nilikataa kusafisha mashine ya kukandia unga huku inazunguka. Haina kifuniko. Msimamizi akaniita mkaidi."

Mimi jambo haliwezi kulala kwangu. Nilimburura hadi kwa wakili mwenye jina kubwa kuliko wote mjini.

Wakili aliuliza swali moja tu. "Mwajiri wako ni nani?"

Mume wangu akamtaja. Wakili akainua mkono. "Samahani. Msiniambie zaidi. Tafuteni wakili mwingine." Akatufungulia mlango.

Tulisimama barabarani kama kuku walionyeshewa.

"Nimekosa nini?" mume wangu aliuliza. "Hata sijaeleza kitu."

"Amehongwa," nilisema. Lakini amehongwa saa ngapi, na tumeingia sasa hivi? Kichwa kilinizunguka.

Jioni tulimwendea jirani yetu, fundi cherehani tunayemwita Mama Mkasi. Zamani alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi.

"Hajahongwa, shemeji," alimwambia mume wangu. "Bila shaka huyo ni wakili wa kiwanda. Hawezi kutetea pande mbili. Mngemmwagia siri zenu ingekuwaje?"

"Sasa twende kwa nani?" niliuliza.

"Kwa wakili wa mambo ya kazi. Bingwa wa kesi za mashamba huenda asiyajue haya. Ulizeni chama cha mawakili kama ana leseni. Mkifika, mtajieni mwajiri kwanza, mumuulize kama anamfanyia kazi. Akubali kuandika malipo yake na atakachofanya, msome, ndipo mtie sahihi. Mkikosa uwezo, kuna ofisi za msaada wa kisheria. Na msikawie. Malalamiko ya kazi yana muda wake, ukipita mmeumia."

"Mbona mengi hivyo?" mume wangu alilalamika.

"Shika la mwajiri. Mengine mkeo atakukumbusha, mdomo anao."

Tulimpata wakili wa kike, mwenye leseni. Mume wangu alimuuliza kabla hata ya kuketi.

"Simfanyii kazi," alijibu. "Kaa, baba, unieleze." Alipokwisha kusikiliza, akauliza, "Nani mwingine aliona?"

Waokaji wenzake wawili walikubali kusema walichokiona.

Wakili wetu akapeleka malalamiko. Siku ya usuluhishi, tulipokutanishwa na kiwanda tupatane, upande wao aliketi yule wakili mwenye jina kubwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Alitutoa ofisini kwake, kumbe alitusitiri. Hakuwa na neno letu hata moja la kutupiga nalo.

Kiwanda kilikubali. Mashine iwekewe kifuniko, na mume wangu arudi kazini.

Jana alirudi. Mchana kutwa sikutulia. Jioni alipoingia, sikungoja salamu. Nilimshika mikono, nikamhesabu vidole.