Kufuli la Kicheko

Kila Jumamosi Chapuchapu alikuwa akimaliza kazi za nyumbani kabla mama yake hajamaliza kumtajia. Sufuria zilirudi kabatini na povu bado limo viwikoni mwake, kisha huyo, anaruka ukuta mfupi kwenda nyumba ya pili, kwa shangazi yake. Jina la utani alipewa na shangazi huyo huyo, maana mtoto huyu alikuwa na tabia ya kujibu swali kabla halijaulizwa.

Alichokifuata kilikuwa chumba cha nyuma. Zamani kilikuwa stoo. Sasa kilikuwa na feni, meza moja, na kompyuta nyeusi isiyozimwa usiku wala mchana. Shangazi, ambaye kazi yake ilikuwa ufundi wa kompyuta, aliiita seva.

"Shangazi, nieleze tena habari ya makufuli," Chapuchapu alisema, ingawa habari yenyewe alishaijua kwa moyo.

"Wewe huchoki? Haya. Ukitaka kuandikiwa barua pepe za siri, unatengeneza kufuli na ufunguo wake. Ufunguo unauficha. Kufuli unamgawia kila mtu, hata usiyemjua. Akitaka kukuandikia, anaifunga barua kwa kufuli lako. Ikishafungwa, hata yeye mwenyewe haifungui tena. Ni wewe tu."

"Na seva yako ni kabati la makufuli ya watu!"

"Kabati lisilo na mlango. Yeyote anachukua, yeyote anaweka."

Wataalamu huliita kufuli hilo ufunguo wa umma, jina ambalo shangazi aliona linachanganya watu bure. Mafundi wenzake watatu, kila mmoja katika mji wake, nao walikuwa na seva kama hiyo. Kila siku saa kumi alasiri seva zote nne zilipeana nakala. Hakuna iliyofuta kitu. Walizijenga hivyo makusudi, asije mkubwa fulani akaamuru kufuli la mtu liondolewe. Shangazi alijivunia sana jambo hilo, na ndilo lililokuja kumtoa jasho.

Jumamosi moja aliitwa zahanati kutengeneza kompyuta. Alimwachia Chapuchapu ufagio na amri moja.

"Vumbi ni lako. Kibodi ni yangu."

Chapuchapu alifagia. Akafagia tena. Kisha akamkumbuka rafiki yake wa darasani, Kicheko, msichana aliyeweza kucheka hata katikati ya mtihani wa hesabu. Likizo ilikuwa inakaribia, nao walikuwa wameahidiana kuandikiana barua ambazo hakuna kaka wa mtu atakayezisoma. Kicheko hakuwa na kufuli. Ingekuwa zawadi nzuri iliyoje!

Alikuwa amemwona shangazi akifanya kazi hiyo mara nyingi, kwa hiyo hakuhitaji hata dakika kumi. Ufunguo aliuhifadhi kwenye flashi. Mahali pa maelezo ya mwenye kufuli aliandika jina kamili la Kicheko, barua pepe yake, shule yao, na ili asifananishwe na mtu mwingine akaongeza: *Anakaa nyuma ya kiwanda cha sabuni, nyumba yenye mlango wa buluu.* Akabonyeza. Kufuli likaingia kabatini.

Alifika kwa Kicheko akihema. Mama Kicheko alikuwa kwenye cherehani, sindano mdomoni, akamwitikia shikamoo yake kwa kutikisa kichwa. Chapuchapu alimnong'oneza rafiki yake habari yote na kumpa flashi.

Kicheko hakucheka. Alimvuta nje, hadi kwenye tangi la maji.

"Umeandika mlango wa buluu?"

"Ndiyo, ili watu wasikosee."

"Chapu, sisi tulihamia hapa kumkimbia mtu. Alikuwa anamtishia mama. Mpaka leo analitafuta jina langu kwenye mtandao. Akijua tulipo, tutahama tena."

Chapuchapu hakuwahi kuuona uso ule bila kicheko ndani yake. Ulimtia hofu kuliko maneno yenyewe.

"Nitalifuta sasa hivi," alisema, na mbio alizotimua siku hiyo hajawahi kuzirudia.

Lakini pa kufutia hapakuwepo. Alitafuta juu, akatafuta chini ya kila orodha. Seva ilijua kuweka tu. Na kabla hajapata la kufanya, shangazi alirudi, akaketi mezani, akaanza kazi zake huku akiimba kwa sauti ya chini.

Ilikuwa saa tisa na robo. Saa kumi nakala zingeondoka.

Chapuchapu alishika ufagio. Alifagia karibu na ukuta, na waya wa intaneti ukachomoka. Shangazi akauchomeka. Alifagia tena, ukachomoka tena. Mara ya tatu shangazi aligeuza kiti.

"Mwanangu, ufagio wako una ugomvi gani na waya wangu?"

"Hakuna, Shangazi. Kuna vumbi."

Alikipenda chumba kile kuliko mahali pengine popote. Akisema, asingeruhusiwa tena kukanyaga humo, na ingekuwa haki. Akinyamaza, dawati la Kicheko lingebaki tupu. Aliitazama saa ya ukutani mpaka machozi yakamzuia kuiona.

"Niligusa kibodi," alisema, na baada ya hapo maneno yote yalitoka kwa mkupuo, mlango wa buluu na yule mtu na mengine yote.

Shangazi hakumkaripia. Aliinama, akauchomoa waya kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika saba. Kisha akasoma kumbukumbu za seva, na paji la uso likamkunjamana.

"Mwenzangu mmoja tu ndiye aliyechukua nakala, saa nane. Yule fundi mzee. Tangu astaafu, akikosa la kufanya anachukua nakala." Alivaa viatu. "Nitampigia simu. Ila kuna mtu wa kuambiwa kwanza, na wewe ndiye utakayemwambia."

Chapuchapu alimwambia Mama Kicheko akiwa amesimama mbele ya cherehani, mikono nyuma. Cherehani ilinyamaza. Mama Kicheko aliutoa uzi kwenye sindano pole pole. Shangazi alipiga simu, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Binti yangu, daftari letu halifuti," alisema yule mzee. "Tulikubaliana sote wanne. Leo tukifuta la huyu, kesho tutaamriwa kufuta la mwingine."

"Tulikubaliana, na mimi ndiye niliyepiga makofi zaidi," shangazi alijibu. "Lakini hapa hakuna mkubwa anayeamuru. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inampa mwenye taarifa haki ya kuomba zifutwe, na hizi ziliwekwa bila ruhusa yake."

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Mama Kicheko alinyoosha mkono, akaipokea simu.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni mama wa huyo mtoto. Nina mtoto mmoja na mlango mmoja. Nakuomba usiwaonyeshe watu."

Mzee akakohoa.

"Marahaba, mwanangu. Usikate simu. Naangalia... Hakuna aliyelichukua. Ngoja niirudishe nakala ya jana."

Walimsikia akibonyeza kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Chapuchapu alitamani kuingia ndani ya simu akamsaidie.

"Limetoka," mzee alisema hatimaye.

Mama Kicheko alikaa juu ya rundo la vitambaa, akalia kidogo, kisha akamvuta Chapuchapu ubavuni kwake. Kicheko akajibana upande wa pili.

Wiki mbili zilizofuata, kwa makubaliano na wenzake watatu, shangazi alilitoa kufuli lile kabatini mwake, akaijenga seva upya kabla ya kuurudisha waya. Sasa mtu akiweka kufuli, seva ilimwandikia kwanza mwenye jina: *Unakubali lionekane?* Asipokubali, halikuonekana, na akibadili mawazo siku yoyote, lilifutwa. Kicheko aliombwa kulijaribu kabati hilo, safari hii baada ya yeye na mama yake kuulizwa. Alibonyeza *Hapana* mara tatu, kwa raha tu ya kuona mashine inamtii, akacheka mpaka akashika tumbo. Mara ya nne alibonyeza *Ndiyo*. Hapakuwa na shule wala mlango. Paliandikwa Kicheko, basi.

Jioni hiyo shangazi alimkabidhi Chapuchapu ufagio kama kawaida. Chapuchapu hakuamini.

"Bado naruhusiwa kuingia?"

"Nani atafagia? Sikiliza, mwanangu. Wewe ulikosea kugawa kisicho chako. Mimi nilikosea kujenga kabati lisilouliza. Sheria ile ina kurasa nyingi, lakini imebeba jambo moja dogo: habari za mtu ni mali ya mtu huyo, kwa hiyo muulize kabla hujazigusa. Na ukikosea, sema mapema. Mradi ulisema."

"Nilichelewa, Shangazi."

"Ulisema zikiwa zimebaki dakika saba," shangazi alisema, akimbusu utosini. "Kwa mtu anayeitwa Chapuchapu, ni aibu kidogo."