Vikombe Vitatu Juu ya Mlima Mafiga

Niwieni radhi mapema. Hadithi hii ilistahili msimulizi mwenye sauti nzito na uso wa msiba, na mimi vyote viwili sina. Nikisimulia ya kuchekesha, watu wanaaga. Nikisimulia ya kutisha, wanacheka. Nitaivuruga tu, najua. Pale nitakapovuruga, ninyi ongezeni hofu ya kwenu, msinisubiri mimi.

Ilikuwa mwezi wa saba, jua linazama, na Bashiri alikuwa anatoka kwa fundi cherehani kuchukua koti lake la kipupwe. Bashiri huyu ni fundi baiskeli pale Nachingwea, Mmwera mwenye mdomo usio na breki. Kutwa anakaza breki za wenzake, za kwake hana habari nazo.

Simu ikaita. Kipriani.

Kipriani alikuwa Mmakonde wa Mbekenyera, kule Ruangwa, mkulima wa korosho na ufuta. Wamwera na Wamakonde ni watani, na hawa wawili walikuwa wametaniana miaka ishirini, mpaka asiyewajua alidhani wana kesi mahakamani.

"Mtumwa wangu," Bashiri akaanza, "umeishiwa chumvi tena?"

Kipriani hakucheka.

"Kesho asubuhi njoo. Tupande Mafiga."

Mafiga ni mlima wa mawe nyuma ya mashamba ya Mbekenyera. Vilele vyake vitatu vimekaa kama mafiga ya jikoni, kinakosekana chungu tu. Kila mwaka walisema watapanda, wapige picha, washuke. Kila mwaka waliishia kwenye kahawa.

"Kwa baridi hii? Kule juu ukungu hautoki mpaka saa sita."

"Ndiyo maana nataka kesho. Na usimwambie shemeji unakokwenda. Halafu, Bashiri... mama yako anaitwa nani?"

Bashiri alisimama katikati ya barabara. Pikipiki ikampigia honi, dereva akamtukana vizuri tu, yeye hakusikia. Huku kwetu anayekuuliza jina la mama yako ni mmoja kati ya wawili: afisa wa vitambulisho, au mtu anayekupeleka kwa mganga bila wewe kujua. Kipriani hakuwa na ofisi.

"Umekula kwake miaka yote, leo humjui?"

"Namjua kwa Mama Bashiri. Nataka jina."

"Sofia," alijibu, mdomo ukimtangulia kama kawaida yake. Alipokata simu ndipo akajiuliza kwa nini hakudanganya.

Kulikuwa na maneno, unajua. Msimu uliopita ugonjwa wa ubwiriunga ulikausha maua ya mikorosho ya watu kulia na kushoto, ya Kipriani ikazaa mpaka matawi yakainama. Watu wakanong'ona kwamba ana ndondocha, wale watu ambao mchawi huwafanya waonekane wamekufa, kisha huwalimisha shambani kwake. Bashiri ndiye aliyekuwa akiyacheka maneno hayo kuliko wote. Sasa akaanza kuhesabu. Mwaka huu shamba lile litahitaji mtu mpya.

Kwa nini alikwenda? Kwa sababu kutokwenda kungekuwa kumwambia mtu wa miaka ishirini: nakuogopa. Akaona afadhali afe kuliko kulisema hilo. Mimi ningelisema, tena kwa ujumbe wa simu.

Asubuhi bodaboda ilimpitisha Ruangwa mjini meno yakigongana. Mashamba yote ya Mbekenyera yalinuka salfa iliyopulizwa kwenye mikorosho. Kipriani alikuwa amesimama kando ya njia, amekonda hivi kwamba koti ndilo lililomvaa yeye. Begani alikuwa na mkoba wa ukindu, mkuukuu, wenye kiraka chekundu.

"Umekuwa fito," Bashiri akasema. "Mkeo anakupikia au anakuonyesha tu picha ya chakula?"

"Twende."

Walipofika chini ya mlima, Kipriani aliinama kufunga kamba za viatu. Bashiri akachungulia mkoba. Chupa ya chai. Mihogo ya kuchemsha. Unga wa mtama kwenye kifurushi. Kitambaa cheupe, kipya, bado kina mikunjo ya dukani.

Panga.

Na vikombe vitatu.

"Vitatu vya nini? Mbona tupo wawili?"

Kipriani alichukua mkoba wake taratibu.

"Tembea, Bashiri."

Kilele cha kwanza walikipanda bila neno. Jiwe lilikuwa baridi, linateleza kwa umande. Kipriani alitangulia, na kila hatua chache aligeuka kuangalia nyuma. Si kumwangalia Bashiri. Macho yake yalipita juu ya bega la Bashiri, yakatua mahali, yakahesabu, yakarudi mbele.

Kati ya kilele cha kwanza na cha pili ukungu uliwafunika. Hapo ndipo harufu ilipokuja. Ugoro. Ugoro mkali, uliosagwa leo.

"Siku hizi unavuta ugoro?" Bashiri akauliza.

"Sijawahi."

Wakaendelea. Nyayo kwenye jiwe. Tap... tap... Bashiri alisimama avute pumzi. Nyayo zikaendelea kidogo, kisha nazo zikasimama.

Halafu mtu akapiga chafya.

"Afya," Bashiri akasema, kwa mazoea tu, kama ambavyo wewe ungesema.

"Asante, baba."

Sauti ilitoka nyuma.

Kipriani alikuwa mbele.

"Usigeuke," Kipriani akanong'ona, mgongo wake ukiwa umekakamaa. "Na usimjibu tena."

"Nani huyo?"

"Tukifika juu nitakwambia."

Sasa Bashiri aliielewa safari yote. Mmoja mbele, mmoja nyuma, mbuzi katikati. Walimpanga vizuri. Jina la mama wanalo, mke hajui alipo, kitambaa kipo, panga lipo. Akawaza wanawe wanne. Akawaza pia kwamba kama ataamka ndondocha, atalazimika kulima, na tangu azaliwe amekwepa jembe kwa ufundi mkubwa. Wazo hilo lingemchekesha siku nyingine. Aliokota jiwe, akalitia mfuko wa koti.

Kilele cha tatu kina uwanda mdogo, upana wa chumba kimoja. Kipriani alitandaza kitambaa. Akamwaga unga kwa duara. Akapanga vikombe, kimoja kwake, kimoja kwa Bashiri, cha tatu upande usio na mtu, akavimiminia vyote chai. Mvuke ukapanda ukaingia kwenye ukungu.

Kisha akatoa panga.

"Kipriani." Jiwe lilikuwa tayari mkononi. "Nina watoto wanne."

"Mimi nina watano. Weka jiwe chini, mihogo imeshikana."

Akaikata mihogo vipande vitatu. Bashiri hakuliweka jiwe chini. Alikaa nalo mapajani kama mtu anayenyonyesha.

"Unakumbuka tulipomzika mjomba?" Kipriani akauliza.

Nani asiyekumbuka? Mzee Kasmiri, mjomba wa Kipriani, alizikwa Aprili mvua ikinyesha. Bashiri alifanya kazi yake ya utani kama desturi inavyotaka. Aliruka ndani ya kaburi kabla ya jeneza, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Mjane mwenyewe alicheka machozi yakiwa yanatiririka. Jogoo alitolewa.

"Ulipotoka kaburini uligonga jeneza," Kipriani akasema. "Ukasema nini?"

"Nilisema mengi. Ulikuwa utani."

"Sema ulichosema."

Sauti ya Bashiri ilishuka. "Nilisema... Mzee Kasmiri, safari ni ndefu na huna wa kukubebea mkoba. Chukua mpwa wako huyu. Mimi mtani wako nimekupa. Kipupwe kisiishe hujamchukua."

"Watu walicheka."

"Walicheka sana."

"Mjomba alipokea."

Upepo ulipita. Hakuna jani lililotikisika, kwa sababu pale juu hakuna majani.

"Tangu arobaini yake," Kipriani akaendelea, polepole, "kila asubuhi naukuta mkoba wake mlangoni. Ule tuliomzika nao. Nimeutupa mtoni. Nimeuchoma. Kukipambazuka, upo."

Bashiri aliuangalia mkoba wa ukindu. Kiraka chekundu. Alikuwa amekishona Mzee Kasmiri mwenyewe, barazani, ugoro wake puani, Bashiri akimcheka sindano inavyomkwepa.

"Huo?"

"Huu."

Bashiri akakirudisha kipande chake cha muhogo kwenye kitambaa.

"Nimemwona mganga mmoja upande wa Nkowe. Kasema neno la mtani hulitoa mtani. Alitoe mahali pa juu, mchana, ataje na jina la mama yake mwenyewe, ili marehemu ajue ni nani anaongea. Aliyebaki nyumbani asijue. Na alitoe bila mzaha."

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Ungetania kutoka Nachingwea mpaka hapa. Lingekuwa neno la pili juu ya la kwanza." Kipriani alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Bashiri, mimi sitaki kufa. Sema naye."

Jiwe lilimdondoka kutoka mapajani. Asubuhi nzima alikuwa akimchunguza mwenzake kama jambazi, kumbe mwenzake alikuwa amembebea chai.

Alipiga magoti mbele ya kikombe cha tatu. Akavua kofia.

"Mzee Kasmiri. Ni mimi Bashiri, wa Sofia." Akakisogeza kikombe mbele kidogo. "Nilikosa. Kipriani si wangu, sina haki ya kumtoa. Namrudisha kwa mkewe na wanawe. Neno langu nalichukua."

Ilikuwa sentensi ya kwanza maishani mwake isiyo na mkia wa kuchekesha.

Harufu ya ugoro ikasogea karibu. Mvuke wa kikombe cha tatu ukapinda, kama mtu ameuvuta puani.

Halafu...

Kicheko.

Kilianza chini, kifuani, kicheko cha mzee aliyeshiba anayemfurahia mtani wake. Paa... paa... paja likipigwa kiganja.

"Mzee, sitanii," Bashiri akasema.

Kicheko kikapanda.

"Wallahi sitanii. Nakuomba."

Kikapanda zaidi. Bashiri akaanza kulia, kulia kabisa, makamasi na yote, uso umekunjamana. Na kadiri alivyolia ndivyo yule aliyekuwa ndani ya ukungu alivyocheka, mpaka akakohoa, mpaka akaishiwa pumzi.

"Huyu mtoto," sauti ikasema, kwa shida, kwa mapenzi, "huyu mtoto ataniua."

Kisha nyayo. Tap... tap... Zikishuka.

Saa sita ukungu ulifunguka kama pazia. Mashamba yote ya Mbekenyera yakaonekana, kijani, ya kawaida, mtu anaendesha baiskeli huko chini. Vikombe viwili vilikuwa na chai iliyopoa. Cha tatu kilikuwa kikavu.

Kipriani alikusanya vyombo, akavitia mkobani, akauvaa begani.

"Umejitahidi," alisema. Hakukasirika. Bashiri alitamani angekasirika.

Kipriani alifariki wiki ya tatu ya Agosti, baridi ikiwa bado haijatoka. Daktari alisema mapafu, akauliza kama mgonjwa alikaa kwenye baridi kali siku za karibuni. Mke, aliyeambiwa baada ya safari, akasema alipanda mlima na rafiki yake, jasho na ukungu. Daktari akatikisa kichwa, akaandika. Huenda ni hivyo. Mimi si daktari, na daktari hakuwepo kileleni.

Siku ya mazishi watu walikaa mkao wa kucheka. Watani wa Kimwera wakamsukuma Bashiri mbele. Ingia, dai jogoo wako. Alisimama pembeni ya kaburi, kofia mkononi, akalitazama jeneza kama mtu anayelinda mlango. Hakufungua mdomo mpaka udongo wa mwisho. Watu wakasema msiba umemchanganya.

Matanga yalipoanuliwa, Dorotea, dada yake Kipriani, alimfuata hadi Nachingwea kwenye kijiwe chake cha baiskeli. Akaketi kwenye gurudumu bovu.

"Kaka Bashiri, ukoo unataka kwenda kuuliza ni nani aliyetuulia ndugu yetu. Wewe ulikuwa naye kutwa nzima mlimani. Hukumshuku mtu?"

"Nilimshuku mtu tangu jioni ya kuamkia safari mpaka kileleni."

"Nani?"

"Marehemu."

Dorotea akamkazia macho. "Na aliyefanya?"

"Ni mimi, dada."

Yule mama, na nguo zake nyeusi, na macho yaliyovimba, akaangua kicheko. Hakukusudia. Kilimtoka. Akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Hata leo, Bashiri? Acha utani bwana, nitajie mchawi."

Bashiri alifuta grisi mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Namjua vizuri," alisema. "Leo asubuhi nilikuwa namnyoa ndevu mbele ya kioo. Wembe ulifika mpaka kooni kwake, nikamwonea huruma."