Mraba wa Nne

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya vilima vya Mamboya wakati Mwalimu Elikana alipotoka barazani na makopo matatu ya rangi na brashi mpya. Muuza rangi wa Kilosa, Abubakari, alikuwa amemuusia kwamba rangi ya nje haichaguliwi kwenye kadi.

"Paka kidogo ukutani, Mwalimu, uitazame asubuhi, mchana na magharibi. Mchana kila rangi ni mwongo. Magharibi ndiyo inasema kweli."

Ushauri ulimpendeza. Alikuwa mwalimu wa kemia, mtu wa kupima kabla ya kuamini. Alichora kwa penseli miraba mitatu kwenye ukuta wa mbele, kila mmoja sentimita thelathini kwa thelathini, akaipaka: wa kwanza rangi ya maziwa, wa pili kijivu, wa tatu kijani cha jani la mgomba. Mbao hazikuwa na shida. Milango, madirisha na nguzo za baraza vilikuwa vya mninga kutoka Mikumi, na vanishi aliyoipaka juzi ilikuwa imeshika vizuri. Swali lilikuwa la matofali. Matofali ya kuchoma, mekundu, yasiyopigwa plasta.

Mke wake, Yusta, alikuwa ameomba rangi kwa miaka minne. Kila mara alimjibu: tusubiri mvua zipite, tofali bichi hutoa chumvi, rangi itabanduka. Jibu lilikuwa sahihi. Mwezi wa tatu Yusta alifariki, na katika wiki zake za mwisho, kila alipotolewa nje kuota jua, aliketi akiutazama ukuta ule ule mtupu.

"Nani kachagua hizo rangi?"

Elikana aligeuka. Costancia, dada mkubwa wa Yusta, alikuwa amesimama uani. Alikuwa fundi cherehani mjini Kilosa, lakini tangu mazishi alikuwa amekaa kwenye nyumba ya ukoo wao, juu kidogo mlimani, na hakuonyesha dalili za kuondoka.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Tangu mazishi hakuwa ameitikia hata mara moja.

"Nimeuliza, nani kachagua?"

"Mimi."

"Na nani anapaka?"

"Mimi. Fundi atakuja Jumamosi amalizie."

Costancia alicheka puani. "Mwanamume anapaka ukuta. Shemeji, wewe umesoma mpaka umepitiliza."

Elikana alijua anachomaanisha. Katika ukoo wa Yusta, ukuta ulikuwa kazi ya mkono wa mwanamke tangu enzi za nyumba za udongo. Mwanamke wa nyumba ndiye aliyekanda udongo, akapaka kwa kiganja, akachagua rangi yake kutoka kwenye kingo za mto. Akifa, mgane haugusi ukuta. Anakwenda kwa ukoo wa mkewe, anaomba mwanamke mmoja aje apake kiganja cha kwanza, ili nyumba ijue kwamba mwenyewe ameondoka. Na mwanamke yule akishanawa mikono, anaondoka na watoto wa marehemu, kwa kuwa watoto ni wa upande wa mama.

Elikana alikuwa na mtoto mmoja, Naomi, wa miaka minane. Ndiyo maana hakwenda kuomba.

"Hii si nyumba ya udongo, dada."

"Tofali ni nini basi? Ni udongo uliopigwa moto. Unadhani moto umeusahaulisha?"

"Naomi haendi popote."

"Sijamtaja Naomi." Costancia alijifunga upya kanga yake, akaanza kupanda mlima. "Umemtaja wewe."

Kesho yake magharibi, Elikana alitoka na daftari kuandika alichokiona. Rangi ya maziwa ilikuwa imepoa, ikapendeza. Kijivu kilikuwa kimekufa. Kijani kilipigana na mninga. Aliandika hayo kwa mpangilio. Kisha akainua macho.

Kulikuwa na mraba wa nne.

Ulikuwa kando ya ule wa kijani, ukubwa ule ule, umenyooka kuliko ya kwake. Rangi yake haikuwepo kwenye kadi ya Abubakari. Haikuwa nyekundu wala kahawia... ilikuwa rangi ya ini lililoachwa juani. Aliugusa kwa ncha ya kidole.

Mbichi.

Haukupakwa kwa brashi. Ndani yake kulikuwa na mistari minne iliyoshuka sambamba, kila mmoja upana wa kidole. Akainusa ncha ya kidole chake. Udongo wa mtoni. Na chini ya harufu ya udongo, harufu nyingine... dawa ya kuchua. Ile ile aliyomchua nayo Yusta mgongoni miezi mitano, usiku na mchana. Kopo lake alikuwa amelitupa shimoni kwa mkono wake mwenyewe.

Alichukua brashi ya waya akausugua mraba mpaka matofali yakachubuka. Chini yake tofali lenyewe lilikuwa linatoa maji. Unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, alijiambia. Unyevu unabeba chumvi na udongo. Kisha akachukua futi, akapima. Ukingo wa juu ulikuwa mita moja na sentimita sabini na mbili kutoka sakafuni. Akamwita Naomi, akamwambia asimame kwa ncha za vidole na kunyoosha mkono juu. Mita moja na hamsini na moja.

"Tunapima nini, baba?"

"Urefu wako tu. Ingia ndani."

Alipanda mlima kwa hasira. Alimkuta Costancia akipepeta mchele nje ya mlango wa nyumba ya ukoo.

"Ukigusa tena ukuta wangu nitakwenda kwa mtendaji wa kijiji. Nimevumilia vya kutosha."

"Nimegusa nini?"

"Umepaka udongo. Bado mbichi, na vidole vyako vinaonekana."

Alitegemea kicheko. Costancia alitua ungo polepole.

"Umesema mbichi?"

"Ndiyo."

"Na jua la leo lote?"

Elikana aliitazama ncha ya kidole chake, bado ilikuwa na udongo.

"Mtoto analala chumba gani?"

"Cha mbele."

"Kichwa anaelekeza wapi?" Costancia alikuwa amesimama sasa. "Shemeji, nakuuliza. Kichwa cha mtoto kiko ukuta gani?"

Elikana alishuka mlima akikimbia.

Naomi alikuwa ameketi kitandani, anafunga kamba ya begi la shule. Elikana alivuta kitanda mbali na ukuta. Ndani, mahali pale pale nyuma ya mraba, kulikuwa na doa lenye pembe nne. Rangi ya ini. Linang'aa kwa maji.

"Nani kapaka hapa?"

"Si wewe, baba?" Naomi alimshangaa. "Jana ulivyopaka nje, ikatokea huku."

"Ilitokea lini?"

"Nikiwa nimelala. Nilisikia unapaka. Nikasema kimoyomoyo, baba leo ana mkono laini."

Usiku huo alimhamishia chumbani kwake, akafunga chumba cha mbele kwa ufunguo. Hakuwa mtu wa kuamini, lakini hakuona ubaya wa ufunguo.

Siku ya tatu, magharibi, aliketi barazani akisahihisha madaftari. Kiti alikiweka kuukabili ukuta. Naomi alikuwa sebuleni akisoma kitabu cha Kiswahili kwa sauti, na Elikana alimsahihisha kupitia dirishani kila alipoteleza. Miraba mitatu ilikuwa mahali pake. Jeraha la brashi ya waya lilikuwa limekauka. Hakuna kilichosogea. Alianza kujionea aibu.

Kisha akagundua kwamba sauti ya kusoma imekoma.

"Naomi?"

Aliweka kalamu chini.

"Naomi, endelea."

Shwaa...

Aliinuka kitini.

Shwaa... kituo kifupi... shwaa...

Kila aliyekulia milimani anaijua sauti ile. Ni kiganja chenye udongo kinaposhuka ukutani.

Harufu ilimfikia kabla hajafika mlangoni. Udongo, na dawa ya kuchua. Ufunguo wa chumba cha mbele ulikuwa mfukoni mwake. Mlango ulikuwa wazi.

Naomi alikuwa amesimama juu ya kigoda, amempa mgongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwekundu mpaka kiwiko. Chini palikuwa na ndoo ya udongo uliokandwa ukalainika kama uji mzito. Kuta tatu zilikuwa zimekwisha, laini, bila kovu, kazi ya siku nzima kwa mtu mzima. Ule wa nne ulikuwa umevuka nusu.

Na alikuwa anaimba puani.

Haikuwa sauti ya mtoto. Ilikuwa nzito kidogo, na ilikatika kila kiganja kilipofika chini, ikaendelea kilipopanda. Yusta ndivyo alivyoimba kila alipofanya kazi za mikono. Elikana alikuwa amemlalamikia kwa hilo miaka kumi na moja, kwamba anakata nyimbo vipande vipande. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akikaa macho kujaribu kuikumbuka sauti hiyo, na kila siku ilimponyoka zaidi.

Sasa ilikuwa hapa. Nzima.

Kutoka mlimani alimsikia Costancia akishuka, akipiga kelele.

"Mtoe! Shemeji, mtoe mtoto! Akiuziba ukuta wa mwisho ndiye mwenye nyumba! Hatoki tena!"

Hatua sita tu zilimtenga na kigoda. Alijua la kufanya. Mikono yake ilijua. Alisimama.

Kiganja kikashuka. Sauti ikakatika. Kikapanda.

Mara moja tu zaidi, alijiambia. Mpaka mwisho wa ubeti.

Shwaa...

Ubeti uliisha. Ukaanza mwingine.

Costancia alimpiga kikumbo mlangoni, akamnyakua mtoto kwa kiuno, kigoda kikaanguka. Naomi alipiga yowe moja, refu, la hasira. Hawakumjua anayelia. Walipofika uani yowe likageuka kuwa kilio cha kawaida cha mtoto aliyeamshwa vibaya, akauliza kwa nini mkono wake una matope.

Pembeni mwa ukuta wa nne, chini ya dirisha, kilikuwa kimebaki kipande kisichopakwa. Upana wa kiganja kimoja.

"Ndoo ni yangu," Costancia alisema baada ya kumnawisha mtoto. "Sikufichi. Niliileta jana nikaificha nyuma ya jiko lako, kwamba siku ukikubali kuomba nipake mimi, yaishe. Lakini mtoto sikumfundisha. Wala mlango sikuufungua. Nimeisikia sauti ya mdogo wangu mpaka kule juu, ndipo nikakimbia."

Elikana hakujua kama anasema kweli. Alizitazama kucha za Costancia. Zilikuwa na udongo, lakini alikuwa ametoka kumnawisha Naomi, na udongo wa leo haukutofautiana na udongo wa juzi.

"Na wewe," Costancia akasema. "Nimekukuta mlangoni. Ulikuwa umesimama hapo muda gani?"

"Nilikuwa ndiyo nafika."

Elikana alikuwa na saa mkononi, na kwa mazoea alikuwa ameitazama. Dakika nne.

Costancia alifuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila uadui, na hilo lilimuumiza kuliko maneno yake yote tangu mazishi: "Kesho nakwenda naye Kilosa. Ukitaka kubisha, bisha sasa."

Miezi mitano alikuwa ameandaa hoja zake. Sheria, dini, shule, haki ya baba. Alizijua kwa mpangilio wake. Alifungua kinywa, akaona kwamba hana hata moja ambayo mtu aliyesimama dakika nne angeweza kuitamka.

"Nitamfungia nguo zake," alisema.

Alimtembelea Naomi Jumamosi ya pili. Costancia alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko la Kilosa, na cherehani yake ilikaa barazani, mahali ambapo honi ya treni inasikika vizuri. Kuta zilikuwa za saruji, zimepakwa nyeupe na mwenye nyumba. Naomi alikuwa amenenepa. Alimwonyesha daftari lake la hesabu, kumi kwa kumi, na rafiki yake wa nyumba ya pili, na jino lililotoka. Alikuwa mtoto kama watoto wengine.

"Shikamoo, dada," alimwambia Costancia.

"Marahaba, shemeji." Ilikuwa mara ya kwanza. "Kaa na mwanao. Nakuletea chai."

Aliingia ndani. Naomi alisubiri mpaka pazia likatulia. Kisha akasogea, akamwekea baba yake mdomo sikioni.

"Baba."

"Naam."

"Nilikuona siku ile. Ulikuwa mlangoni."

Elikana alilifunga daftari.

"Ulikuwa unalia, halafu ulikuwa unafurahi. Mama mkubwa sijamwambia."

"Naomi..."

"Mama naye alikuona. Alisema tuimbe polepole, ili usikie vizuri."

Ndani vikombe viligongana. Costancia alikuwa anatafuta kijiko.

"Kimebaki kipande kidogo tu," Naomi alinong'ona. Pumzi yake ilikuwa ya moto. "Nirudi lini nikamalizie?"

Jibu lilikuwa moja. Angeweza kulisema hata mtu ambaye hajasoma darasa lolote. Alihesabu hatua za Costancia zikivuka chumba, moja, mbili, tatu, na pazia likaanza kusogea.

"Likizo," alisema, kwa sauti ndogo, ili mtu mwingine asisikie.