Skrubu ya Kila Jumamosi

Mtoto aliketi. Hakuanguka, hakuteleza, wala hakuwa amechoka. Aliketi tu, katikati ya ngazi za jengo la maduka, saa nne asubuhi ya Jumamosi, wakati ambapo mji mzima ulikuwa umeamua kupanda na kushuka ngazi hizo hizo.

"Inuka."

"Siinuki."

"Nahesabu mpaka tatu."

"Hesabu mpaka mia. Siinuki."

Mama mtu alikuwa na mifuko mitatu mkono mmoja, orodha ya shughuli mkono wa pili, na shughuli zenyewe zilikuwa saba: zipu za magauni, mafuta ya cherehani, viatu vya shule, na kadhalika mpaka chini kabisa, ambapo aliandika kwa herufi kubwa MIWANI. Tangu asubuhi walikuwa wamemaliza moja. Mama huyu alikuwa fundi cherehani mwenye sifa zake. Hariri ilimtii, jinzi ilimtii, hata yale mapazia mazito ya kumbi yalimtii. Asiyemtii alikuwa mmoja tu duniani, binti wa miaka sita aliyemzaa mwenyewe na kumlea mwenyewe, maana baba mtu aliaga kwenda safari ya wiki mbili na sasa wiki hizo zilikuwa zimetimiza miaka minne. Mtoto huyo mama alimwita Kisiki, na wala hakuwa akimbembeleza.

"Hivi daktari kasemaje? Si umesikia kwa masikio yako? Jicho lako la kushoto zembe. Usipovaa miwani kutwa, mwisho litasahau kuona. Litabaki pambo!"

"Libaki."

"Ewe Mola, nipe subira, maana ukinipa nguvu nitamtupa huyu dirishani."

Watu waliwaruka. Bibi mmoja aliyebeba fungu la mboga akasimama kutoa ushauri wa bure kwamba samaki mkunje angali mbichi. Mama akamjibu kwamba huyu alizaliwa mkavu. Nyuma ya bibi kulikuwa na mwanamume mrefu aliyevaa koti jeupe juu ya shati la bluu, kikombe cha chai mkononi, akitafuta pa kupita. Alipokosa, akaketi kwenye ngazi kando ya mtoto.

"Ngazi hii unaiuza?" akamwuliza.

"Siuzi."

"Basi nipangishe kidogo, chai yangu inapoa."

Kisiki akafikiri, akasogea. "Anko, wewe unafanya kazi gani?"

"Natengeneza miwani. Hapo juu, mlango wa tatu."

"Mimi sitaki miwani."

"Kwani nimekuuliza? Nina watu kibao wanaoitaka. Fremu ya kijani imebaki moja tu, na nimeshaiahidi kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Simjui jina. Nimesema nitampa mtu wa kwanza nitakayemwona akiinuka kwenye ngazi."

Kisiki aliinuka kama aliyekaa juu ya pini.

Mama alisimama mdomo wazi, asijue acheke au alie. "Kaka, wewe mchawi?"

"Hapana, dada. Nimelea wadogo zangu sita."

Akamtazama sasa vizuri. Uso wa upole, vidole safi vyembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Ila kifungo cha pili kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi, kimepinda kama kinachungulia. "Na hicho kifungo nani alikushonea?"

"Mimi mwenyewe."

"Inaonekana."

Kisiki akapimwa, na Jumamosi iliyofuata akakabidhiwa miwani ya kijani. Akaipenda ajabu. Alivaa akila, alivaa akioga, ikabidi avuliwe akiwa usingizini. Mama akashukuru, akafuta neno miwani kwenye orodha, akadhani yameisha.

Ijumaa jioni mkono mmoja wa miwani ukadondoka. Skrubu yake ndogo ilikuwa imelegea.

"Hutokea," alisema Fundi Miwani walipomrudia kesho yake, akaikaza kwa dakika moja. Lakini wakakaa saa nzima. Kisiki alipewa boksi la fremu za zamani azichezee, akina mama wakaletewa chai, maana Fundi aliwaita mama na mtoto wote wawili "akina mama". Maongezi yakaanzia kwenye kifungo.

"Mwanamume mzima, miaka thelathini na nane, huna wa kukushonea kifungo?"

"Mikono ninayo. Nilikuwa nangoja fundi."

"Mdomo wako huo ungekuwa sindano, ungeshona vizuri."

Ijumaa ya pili mkono ukadondoka tena. Ya tatu, vilevile. Kufikia Jumamosi ya nne, Mama Kisiki alikuwa akiingia mlango wa tatu amevaa gauni la zambarau alilojishonea usiku wa jana yake, na kujisingizia kwamba lilikuwa ndilo la kwanza mkononi alipofungua kabati. Simu nazo zilikuwa zimeanza.

"Mama Kisiki, umelala?"

"Nitalalaje na wewe unapiga? Sema shida yako."

"Sina shida. Nilitaka kujua kama skrubu imeshika."

"Imeshika. Na wewe je, umeshika adabu?"

"Adabu ililegea tangu siku ile ya ngazi."

Alicheka mpaka akajichoma sindano. Alipokata simu, moyo ulikuwa unamwenda mbio, na hilo likamtia hofu, kwa kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baba Kisiki naye alikuwa mtu wa maneno matamu. Mama alikuwa ameapa: akipenda tena, atampenda mtu asiye na hila hata chembe.

Ijumaa ya tano miwani ikadondoka. Jumamosi hiyo magauni sita ya wasimamizi wa harusi yalitakiwa saa kumi, zipu mbili bado, bisibisi yake ndogo ya cherehani imepotea kwenye droo, na Kisiki anakataa kuvaa soksi inayofanana na mwenzake. Katikati ya vurugu hiyo dada yake mkubwa akapiga simu.

"Yaani skrubu moja ilegee mara tano, tena kila Ijumaa?" dada akauliza. "Mdogo wangu, vyuma havijui kalenda. Huyo bwana anaiacha imelegea makusudi ili umrudie."

"Hawezi, dada."

"Hata yule wa safari ya wiki mbili ulisema hawezi."

Damu ikamchemka. Akamburuta Kisiki mpaka mlango wa tatu. Dukani kulikuwa na wateja watatu, na hakumjali hata mmoja.

"Fundi, nieleze. Unakaza skrubu au unanikaza mimi?"

"Karibu kwanza, Mama Ki…"

"Usinikaribishe! Jumamosi tano nimeacha kazi zangu, kumbe unalegeza ili nije nikuchekeshe! Hili ni jicho la mtoto. Daktari kasema likikosa miwani linakufa. Unachezea jicho la mwanangu?"

Fundi aliweka chini alichoshika. Uso ulimbadilika. "Jicho la mtoto sichezei. La mtu yeyote sichezei." Akaigeuza miwani kwenye mwanga. "Tazama kichwa cha skrubu hii. Kimekwaruzwa na bisibisi pana kuliko zangu. Ni bisibisi ya cherehani. Niliona tangu mara ya pili."

"Unasemaje?"

"Nilidhani ni wewe," akasema taratibu. "Na nilifurahi, nikanyamaza."

Loo! Wateja wakatazama sakafu. Mama Kisiki alihisi masikio yanawaka moto.

"Mimi? Mimi nimharibie mwanangu jicho nipate kuja kukutazama wewe na hicho kifungo chako? Umeniona wa namna hiyo?"

"Sikusema hiv…"

"Lete miwani! Mafundi wamejaa mjini!"

Akaipokonya kabla haijakazwa, akatoka. Kisiki akang'ang'ania mlango kwa mikono miwili mpaka akang'olewa. Nyumbani mama akafunga ule mkono wa miwani kwa uzi wa kijani, mafundo manne, fundo la cherehani kabisa. Wiki nzima Fundi alipiga simu na haikupokelewa. Akiona jina lake kwenye kioo cha simu, mama aligeuza simu kifudifudi na kukanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, machozi yakimdondokea kwenye kitambaa cha watu.

Jumamosi ikafika, na orodha mpya: sabuni, rula ya kukatia vitambaa, nywele za Kisiki, fundi mwingine wa miwani.

Na Kisiki alikuwa anachechemea.

"Una nini mguuni?"

"Sina kitu."

"Kiatu kinabana?"

"Hakibani."

"Vua nione."

"Sivui."

Akachechemea sokoni. Akachechemea kwa msusi, akasukwa na viatu miguuni huku amekunja vidole. "Haraka, Kisiki, foleni inasogea. Haraka, mama wa watu anangoja. Jamani, haraka!" Mama alisema maneno hayo mpaka koo likakauka. Walipofika mlangoni kwa fundi mwingine, duka kubwa la vioo na benchi refu la wanaongoja, mtoto akaketi kwenye kizingiti.

"Huyu hajui kazi," akatangaza kwa sauti.

"Umemwona wapi?"

"Simjui. Ila hajui kazi."

Maji yalikuwa yamefika shingoni. Mama akaweka mifuko chini, akamkamata mguu, wakavutana mbele ya benchi zima, kiatu kikatoka, soksi ikatoka, na kitu chenye mpini mwekundu kikalia kwenye vigae: kling!

Ilikuwa bisibisi yake ndogo ya cherehani.

Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakutaja soksi. Mama aliiokota, akakaa chini pale pale kizingitini.

"Ni wewe."

Kisiki akatazama mbali.

"Ijumaa zote zile ni wewe. Na leo umeileta ya nini?"

"Nilitaka nilegeze ya huyu, ili uone hajui kazi."

"Na jicho lako je? Si ulisikia daktari?"

"Nilikuwa nalegeza ukiwa unapika. Halafu ni usiku, nalala. Nikilala jicho limefumba." Alisema kama anayemfundisha mjinga.

"Lakini kwa nini, mwanangu? Kwa nini?"

Kisiki akavuta pumzi, akachezea kamba ya kiatu. "Kwa Anko husemi haraka."

"Nini?"

"Kila mahali unasema haraka. Sokoni haraka. Nyumbani haraka. Kwa Anko tunakaa tu, na wewe unacheka."

Mama akajaribu kukumbuka, tangu walipoamka, ni maneno gani mengine aliyomwambia mtoto huyu. Hakupata mengi. Akamkumbatia kwa nguvu, akamnong'oneza, "Utachapwa wewe," na wote wawili wakajua hatachapwa mtu.

Walipanda zile ngazi bila haraka. Koti la Fundi lilikuwa limening'inizwa, naye anafuta vioo mwenyewe, ndevu za siku tatu, kifungo cha pili kimebaki na uzi mmoja. Alipowaona akaweka kitambaa chini. Mama akaweka bisibisi mezani.

"Mwizi wetu huyu hapa," akasema. "Ilikuwa kwenye soksi."

Fundi akaitazama bisibisi, akamtazama Kisiki, ambaye alikuwa ameshavuta boksi la fremu na anacheza. Pembe za mdomo zikamchezacheza, akazizuia.

"Nimekutukana mbele ya wateja wako," mama akaendelea. "Nisamehe. Niliogopa. Nilianza kukupenda na nikaogopa, basi nikatafuta sababu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, ila mtoto mkazie skrubu yake."

"Nikufukuze?" Fundi akatikisa kichwa. "Mimi ndiye mwenye kosa kubwa. Niliona alama, nikajua mtu anailegeza. Ningekuambia siku ile ile. Nikanyamaza kwa kuwa nilitaka mrudi. Jicho la mtoto, na mimi nawaza yangu. Wiki nzima sijalala, Mama Kisiki."

"Inaonekana."

Akaketi, akakata mafundo ya uzi wa kijani moja moja, akalalamika kwamba haya si mafundo, ni kufuli. Akaweka skrubu mpya, kisha akashika kichupa kidogo.

"Hii gundi. Nikitia tone moja haitalegea tena maisha. Mtakuwa hamna sababu ya kuja."

"Tia."

"Nitie?"

"Tia, Fundi. Tutakuja bila sababu." Akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, mahali inapokaa siku zote. "Na wewe sogea hapa, hicho kifungo kinanikera tangu siku ya kwanza."

Akasogea. Alishona akiwa karibu kiasi cha kusikia moyo wake, uzi wa bluu safari hii, na Fundi hakuthubutu hata kumeza mate.

"Mama Kisiki."

"Usitikisike, nitakuchoma."

"Nichome. Naomba Jumamosi zako. Zote. Si za chai tu, na za sokoni, na za kwa msusi, na za kubeba mifuko. Nioe, au nikuoe, vyovyote utakavyoona inafaa."

Sindano ikasimama. Mama akainua macho, yamejaa, akafungua mdomo ajibu.

"Hapana," ikasema sauti kutoka chini ya meza.

Wote wawili wakaganda. Fundi alipauka. Mama akafumba macho, akijua kwamba duniani hakuna aliyewahi kumbadilisha huyu mtoto nia.

Kisiki akatoka na fremu tatu usoni, moja juu ya nyingine, akawatazama kwa zamu.

"Jumamosi tu hapana," akasema. "Na Jumapili."