Fuko la Chuma Kwenye Shamba la Masibo

Kipungu-chuma, ndege ya kaunti isiyo na rubani, kilishuka juu ya shamba la Masibo asubuhi, kikazunguka mara tatu, kikaweka magunia mawili ya mbolea chini taratibu, kama mama anayelaza mtoto. Hiyo ndiyo ilikuwa ruzuku ya kaunti miaka hiyo. Hakuna foleni, hakuna karani wa kukuambia njoo kesho. Kila mkulima alitiwa punje ya kumtambulisha chini ya ngozi ya mkono, kitu kidogo tu kama mbegu ya wimbi, na kipungu kikiiona punje iko shambani, basi, kinajua mwenyewe yupo. Raha, sivyo?

Shida ni kwamba Masibo alikuwa amekufa, ana siku kumi na saba kaburini.

Kwao mtu huzikwa shambani kwake, na shamba haliandikwi jina la mjane mpaka wazee wakae baada ya mavuno. Sasa mvua itangoja wazee? Nanyama, mkewe, ana watoto wanne. Akawaambia waliomwosha marehemu waiache ile punje, ili kipungu kiendelee kuleta. Mbegu zikaja, akapanda, mahindi yakaota vizuri kabisa.

Lakini siku hiyo kipungu hakikuondoka.

"Mkulima Masibo hajasogea siku kumi na saba," kikasema. "Amefukiwa na udongo. Fuko linakuja kumwokoa."

Fuko lilikuwa mashine ya kuwachimbua watu waliofunikwa na maporomoko ya mlimani. Limeokoa wengi, tusilionee. Likaja likitambaa katikati ya mahindi machanga, kucha nane, kila moja ndefu kama jembe.

"Simama!" Nanyama alipiga kelele. "Huyo amekufa! Ni mume wangu!"

"Sauti yako haimo kwenye rejista," likajibu fuko. "Nitasimama kwa sauti ya mkulima tu."

Shemeji yake, Kundu, akaja mbio na kiatu kimoja. "Shemeji, si nilikuambia hiyo punje itolewe?"

"Uliniambia ukiwa na gunia langu la mbolea mgongoni, Kundu."

Fuko likatia ukucha wa kwanza kaburini. Udongo ulikuwa bado laini. Kundu akalivamia kwa jembe, likamsukuma kando polepole, kwa adabu. Nanyama akaona hakuna lingine. Akajitupa kifudifudi juu ya kaburi.

Kucha zikasimama, shibiri moja juu ya mgongo wake.

"Kuna mtu hai hapa. Nasubiri aondoke."

Nanyama hakuthubutu kuinua kichwa. "Kundu, nenda kwa chifu. Yeye anaweza kulizima. Mwambie Masibo amekufa."

"Kaunti wakijua mbegu zilitolewa kwa jina la marehemu, wataleta trekta walime haya mahindi yote! Watoto watakula nini?"

"Nenda."

"Shemeji, fikiria kwanza..."

"Huyo ni kaka yako. Unataka kuona uso wake saa hii?"

Kundu akalitazama kaburi. Halafu akavua kile kiatu kimoja, akakimbia.

Kwa chifu ni mwendo wa saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, na hapo ni kama umemkuta. Kila Nanyama alipokohoa akatikisika, kucha zilidhani anaondoka, zikashuka kidogo, zikasimama. Harufu ya grisi ilimjaa puani. Akajifunza kupumua kidogo kidogo. Mwishowe akalaza shavu kwenye udongo.

"Baba Simuli," akamnong'oneza mumewe, "usitikisike. Na mimi sitatikisika."